Kuandaa Mazungumzo ya Mtaa Kuhusu Wanyama wa Bukavu: Mwongozo Kamili

Mikutano mingi ya "mazingira" mjini Bukavu hufa kwa sababu moja: inaanza na gorila. Mgeni anasimama mbele ya watu wa mitaa kama Panzi au Kadutu, anaonyesha picha ya mnyama ambaye wengi wao hawajamwona kwa macho, kisha anawaomba wamlinde. Watu wanapiga makofi, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani, na jioni ile ile bundi aliyetua juu ya bati la jirani anapigwa mawe. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Anza na kiumbe anayeishi karibu na pale mlipokaa, na gorila aje mwishoni, watu wakishazoea kutazama.

Mnyama mmoja, kikao kimoja

Mnyama anayefaa kwa kikao cha mtaa ni yule ambaye watu wanamwona, wana la kusema juu yake, na kuna kitu chake unachoweza kukiweka mezani. Bundi, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), kinyonga, popo, mwewe, kumbikumbi na nyoka wote wanafaa. "Ndege wa Kivu" haifai, wala "bayoanuwai". Mada pana humfanya msemaji ataje majina tu, na majina hayabaki kichwani mwa mtu.

Panga vikao sita kwa mwaka, siyo kumi na viwili. Kimoja kila mwezi kinachosha waandaaji, na kufikia cha tano utaona watu wale wale kumi. Fuata majira. Mvua zinaporudi Septemba na Oktoba, kumbikumbi wanaruka na mbayuwayu kutoka Ulaya wanaanza kufika. Hao ndio wa kufungua mwaka. Bundi anafaa wakati wowote. Safari za nje ziweke Juni hadi Agosti, vilima vikiwa vikavu na njia hazitelezi.

Ruhusa, mahali na saa

Anza na shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), wiki mbili kabla, kwa barua ya ukurasa mmoja: mada, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu, majina ya waandaaji. Peleka nakala mbili na uombe moja irudi na muhuri. Andika wazi kwamba hakuna michango, hakuna siasa, hakuna picha za watu zitakazopelekwa nje ya mtaa. Bila barua hiyo, mtu mmoja tu akiuliza "hawa wanaandikisha majina ya nini?" kikao kimekwisha.

Kwa sababu hiyo hiyo, usipitishe karatasi ya kuandika majina na namba za simu mlangoni. Hesabu vichwa kimyakimya: wanawake, wanaume, watoto. Inatosha.

Mahali pazuri ni darasa la shule au ukumbi wa parokia unaobeba watu 35 hadi 40. Wakizidi hapo, walio nyuma hawaoni kilichoko mezani na wanaanza mazungumzo yao. Wakija sitini, fanya vikao viwili mfululizo badala ya kuwasonga.

Saa ni jambo linalopuuzwa. Wakati wa masika mvua ya Bukavu mara nyingi hunyesha alasiri, na chini ya mabati hakuna sauti inayoishinda, hata ukiwa na megafoni. Weka kikao asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu, Jumamosi isiyo na salongo (kazi ya pamoja ya usafi), au Jumapili baada ya misa. Mvua ikiwakuta hata hivyo, usipige kelele: peleka watu moja kwa moja kwenye kazi ya mikono iliyo mezani na uendelee kusema mvua ikipungua. Kikao kiwe kimekwisha mapema, ili mama aliyetoka mbali afike nyumbani kabla ya mvua.

Kuhusu franga za usafiri, amua mapema na mseme siku ya kualika. Watu wamezoea semina za mashirika ambako kila aliyekaa kitini anapewa bahasha. Ukitoa bahasha mara moja, kikao cha pili bila bahasha hakitakuwa na mtu. Maji ya kunywa na kitu kidogo cha kutafuna, basi.

Vifaa

Projekta siyo ya lazima, na kwa kikao cha kwanza ni afadhali isiwepo. Umeme ukikatika katikati, msemaji aliyejenga kila kitu juu ya picha za ukutani anabaki ameduwaa. Chapisha picha sita hadi nane za ukubwa wa A3, zifunike kwa plastiki na uzitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Aliye nyuma anaweza kusogea na kuzigusa. Ongeza:

meza mbili ndefu, siyo moja, ili watu wazunguke pande zote;
lenzi za kukuzia, moja kwa kila watu wanne;
sahani nyeupe za plastiki kumi, njiti za meno, karatasi nyeupe, rula;
ndoo yenye bomba, sabuni, na beseni la kunawia;
saa ya ukutani ambayo msemaji anaiona.

Mnyama hai haletwi. Kinyonga aliyefungwa kamba mguuni kwa saa mbili anakufa taratibu siku zinazofuata, na watoto waliomwona wataenda kuwinda wengine ili wapewe sifa. Pia ukileta mnyama hai mara moja, wiki ijayo mtu atagonga mlango na kima kwenye gunia akiuliza bei.

Nani aseme

Bukavu haikosi wajuzi. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kina walimu wa biolojia, Lwiro kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanzishwa 1947, na hapo hapo kuna makao ya sokwe waliookolewa kwa wafanyabiashara wa wanyama. Walinzi wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega wanajua msitu kuliko vitabu. Shida ya mjuzi ni lugha: akiwa mbele ya watu anaingia kwenye Kifaransa na majina ya Kilatini bila kujua.

Dawa yake ni kumpa mwenzake wa mtaa: mvuvi, mama muuza sambaza, mzee aliyelima karibu na msitu. Huyu si mkalimani. Ni msemaji wa pili mwenye haki ya kukatiza. Wakutane siku mbili kabla, mjuzi aeleze kila kitu kwa dakika kumi, na mwenzake asimamishe kila neno lisiloeleweka. Maneno yaliyosimamishwa yaandikwe na yatafutiwe namna nyingine ya kusemwa. Mazoezi hayo ya nusu saa yanafaa kuliko projekta.

Mpangilio wa dakika tisini

Dakika kumi na tano za mwanzo msemaji hasemi. Anauliza. "Papa, kule kwenu bundi akilia usiku wanasema nini?" "Mama, wewe umewahi kumwona akiwa na mtoto?" Kila jibu linaandikwa ubaoni jinsi lilivyosemwa, bila kucheka na bila kusahihisha. Ukianza kwa kusahihisha, wazee hawatafungua mdomo tena, na wazee ndio wenye habari: wanakumbuka mnyama gani alikuwako kwenye kilima gani, na lini alipotea.

Kabla ya kuendelea, waambie wafumbe macho na wanyooshe mkono: nani angempiga bundi akimkuta uani? Hesabu, andika. Macho yafumbwe kwa sababu yakiwa wazi watu watajibu kile wanachodhani mgeni anataka. Swali hilo hilo litarudiwa kikao kijacho, na hapo ndipo utajua kama kazi inafanya kazi.

Kisha dakika ishirini za maelezo, zisizidi. Dakika thelathini za meza. Ishirini za maswali. Tano za mwisho ni za kazi ya nyumbani, nayo iwe ndogo: wiki hii hesabu mwewe unaowaona ukiwa umesimama mlangoni kwako saa kumi na mbili asubuhi, kwa dakika tano.

Kikao cha bundi, hatua kwa hatua

Tunakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kinachobadilisha watu haraka kuliko vyote, na hakigharimu kitu.

Bundi wa mjini, yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo anayelala kwenye dari za makanisa na majengo ya zamani, humeza panya mzima. Nyama inayeyushwa tumboni. Mifupa na manyoya vinafungwa pamoja na kutapikwa kama kidonge cheusi, cha urefu wa sentimita nne hadi sita, kimoja au viwili kwa siku. Chini ya mahali anapolala utavikuta vimerundikana.

Okota vidonge ishirini, ukiwa na mifuko ya plastiki mikononi na kitambaa puani, maana vumbi la darini si zuri kwa mapafu. Chagua vilivyokauka na visivyovunjika. Lazima vipashwe moto kabla ya watu kuvigusa, kwa sababu vinaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha na mayai ya nondo. Funga kila kimoja kwa karatasi ya aluminiamu. Weka mchanga mkavu kina cha vidole viwili ndani ya sufuria kuukuu, panga vidonge juu, funika, weka kwenye mbabula (jiko la mkaa) yenye makala, yaani makaa, ya wastani kwa dakika arobaini. Makala yakiwa makali mno manyoya yanaungua na mifupa inakuwa kama chaki. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, teremsha. Acha vipoe ndani ya sufuria.

Siku ya kikao, kila watu wanne wapate kidonge kimoja, sahani na njiti. Wavunje taratibu kuanzia kingo, siyo kukata katikati, kwa kuwa fuvu mara nyingi limekaa ndani kabisa. Wapange mifupa kwenye karatasi nyeupe: mafuvu upande huu, mataya upande ule. Panya anatambulika kwa meno mawili marefu ya mbele, ya rangi ya machungwa, na pengo kubwa kabla ya magego. Fuvu lenye meno madogo makali yaliyofuatana bila pengo ni la kirukanjia, anayekula wadudu.

Sasa hesabuni pamoja. Kidonge kimoja hutoa mafuvu mawili, matatu, wakati mwingine zaidi. Andika jumla ubaoni, pembeni ya yale yaliyosemwa mwanzoni. Usieleze kitu. Mama anayenunua sumu ya panya sokoni atasema mwenyewe, na likisemwa na yeye lina uzito usioweza kulinganishwa na wa mgeni.

Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kumwambia mtu kwamba imani yake juu ya bundi ni ujinga. Huna haja. Eleza anavyoruka bila sauti, kwa sababu manyoya ya ukingo wa bawa lake yana meno kama ya kitana yanayovunja upepo. Eleza kwamba sikio moja liko juu kidogo kuliko lingine, ndiyo maana anajua panya aliko gizani. Mtu akishajua kwa nini kitu kinamtisha, atapima mwenyewe. La pili ni kusahau sabuni. Wote wanawe kabla ya kula chochote, na mezani pasiwe na chakula.

Kikao cha sambaza

Hapa msemaji wa kwanza awe mvuvi. Aeleze mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, wavu ulioteremshwa kati yake, na taa zinazowashwa usiku. Mjuzi aongeze sababu: vijidudu vya majini ambavyo sambaza wanavila hupanda juu usiku, samaki wanavifuata, na mwanga unawakusanya. Mwezi mpevu ukiangaza ziwa lote, taa inakosa nguvu.

Kisha leta habari inayowashangaza wengi: sambaza si mzaliwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliomleta walitaka ndagala, samaki mwingine mdogo wa Tanganyika, pia wakae. Ndagala hawakushika, sambaza wakashika. Kabla ya hapo, katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi, kwa sababu samaki wa Ruzizi hawawezi kupanda maporomoko ya mto kutoka Tanganyika. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 485 lakini chini ya mita sitini hivi hakuna hewa ya kumtosha samaki. Maji ya kilindini yamejaa gesi. Ukitaka mchoro mmoja tu ubaoni, uwe huu: mstari mwembamba wa uhai juu, na giza lote lile chini.

Mezani weka nusu kilo ya sambaza wabichi walionunuliwa asubuhi hiyo. Kila kundi lipime samaki kumi kwa rula na kupasua wawili wakubwa. Wakati mwingine ndani ya tumbo la mkubwa hukutwa sambaza mtoto, maana wakubwa hula wadogo. Ukipata samaki wa kandokando wa jamii ya Haplochromis, weka pembeni: jike lake hubeba mayai na vifaranga mdomoni, na watoto hawatasahau hilo.

Swali la kuvua kwa vyandarua vya mbu litakuja lenyewe. Usimshtaki mtu. Onyesha ukubwa wa matundu kwenye kipande cha chandarua, kisha samaki wa sambaza aliye mtoto, wa sentimita tatu, na eleza kwamba watoto hukaa karibu na ufuko. Mvuvi wa taa aliyeko ukumbini atamalizia.

Nyoka: majibu ya kuwa nayo mkononi

Hata ukizungumza juu ya vipepeo, mtu atauliza kuhusu nyoka. Jibu liwe tayari, fupi, na lile lile kila mara. Aliyeumwa atulizwe, alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zitolewe kabla hakijavimba, saa ya kuumwa iandikwe, na abebwe hospitali mara moja. Asitembee. Kidonda kisichanjwe, kisifyonzwe, wala kamba isikazwe juu yake: kuchanja kunaleta damu isiyokatika, na kamba inaua mguu. Sumu ikirushwa machoni, suuza kwa maji safi mengi, robo saa nzima, kisha hospitali.

Jiwe jeusi, lile linalobandikwa palipoumwa na nyoka, litatajwa. Watu wengi wana moja nyumbani, na wengi wana shahidi aliyepona. Eleza kwamba nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Aliyepona kwa namna hiyo angepona hata angewekewa kigae. Jiwe halinyonyi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Hatari yake ni saa mbili zinazopotea likiwa limegandishwa mguuni.

Popo nao wana jibu lao: hashikwi kwa mkono mtupu, halambwi na mbwa, haliwi, na tunda lenye alama za meno yake linatupwa. Lakini wale wadogo wa darini hula mbu na wadudu usiku kucha. Kama wanasumbua, zibeni matundu baada ya popo kutoka jioni, wakati hawana watoto.

Kutoka nje

Safari ya ufukoni, sehemu za La Botte au Nguba, iwe ya watu wasiozidi kumi na tano, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa saa mbili. Darubini mbili au tatu za 8x42 zinatosha, zikizungushwa. Mtu apewe sekunde thelathini za kuitazama kwa kitu kilichosimama, kwa mfano mnandi aliyetandaza mabawa juu ya mti, kabla ya kutafuta kinachoruka. Mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji ni mzuri kwa wanaoanza. Ukibahatika utaona kichwa cha fisi maji.

Darubini na simu za kupiga picha zisielekezwe kamwe upande wa mpaka, daraja la Ruzizi au kituo cha askari. Semeni hivyo kabla ya kuondoka, na mtu mmoja abaki nyuma kuhakikisha. Nakala ya barua yenye muhuri iwe mfukoni.

Gorila, sasa

Kikao cha sita. Watu wamejifunza kuuliza, na maswali yao yatakuwa magumu. Kahuzi-Biega ilitangazwa hifadhi 1970, ikaingia katika Urithi wa Dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Gorila wake hapatikani porini popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Vita vya miaka ya 1990 viliondoa karibu nusu ya gorila wa sehemu ya juu ya hifadhi.

Usizungumzie hifadhi bila Wabatwa kuwamo ukumbini, na wao waseme kwanza. Waliondolewa msituni miaka ya 1970, na kikao kinachosifia msitu huku kikiwaruka kinaonekana cha uongo kwa kila anayejua habari hiyo, na Bukavu wote wanaijua. Makala nayo yatatajwa: gunia linalopikia mjini hutoka mahali fulani. Kama huna jibu la nishati nyingine ambayo mama wa Kadutu anaweza kuilipia, sema gharama za makala jinsi zilivyo, linganisheni mbabula za kawaida na zile zinazobana makala, chemsheni lita mbili za maji kwa kila moja mezani, na mpime makala yaliyobaki.

Baada ya kila kikao, waandaaji wakae nusu saa papo hapo. Daftari moja, kurasa mbili: idadi ya vichwa, mikono iliyonyooshwa macho yakiwa yamefumbwa, maswali yote jinsi yalivyoulizwa, na yale yaliyokosa jibu. Haya ya mwisho yapelekwe kwa mjuzi ndani ya wiki, na majibu yasomwe mwanzoni mwa kikao kijacho, kwa kumtaja kwa heshima aliyeuliza: "Mama wa pale dirishani aliuliza kinyonga hunywa nini." Hunywa matone ya umande na mvua yaliyoko kwenye majani, maji ya sahani hayajui.